Uzi: Urefu wa mchana na joto: kipi hasa hufungua na kufunga msimu wa kuzaliana kwa mamalia wadogo?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Katika mijadala ya wanyama husemwa mara kwa mara kwamba panya na jamaa zake huzaa hali ya hewa inapopata joto, na huacha baridi inapoingia. Kauli hiyo haikosi ukweli, ila imepindua mpangilio wa mambo. Ningependa tuijadili kwa kituo, kwa sababu ndani yake mna jambo la kustaajabisha kuliko mengi niliyopata kujifunza katika elimu ya viumbe: mnyama mwenye uzito wa gramu 30, ambaye mara nyingi haishi hata mwaka mmoja, amebeba kalenda sahihi kichwani, na kalenda hiyo huisoma usiku.

Tuanze na hesabu ya siku. Voli wa nyasi za Ulaya, yule panya mnene mwenye masikio yaliyozama katika manyoya na mkia mfupi, hubeba mimba kwa siku zipatazo 21, kisha hunyonyesha kwa wiki mbili hadi tatu. Kabla ya hapo dume naye lazima awe ametengeneza mbegu, kazi ambayo katika jamii ya panya huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi tangu seli ya mwanzo hadi mbegu iliyokamilika. Ukijumlisha, utaona kwamba uamuzi wa kuzaa hutangulia kwa miezi miwili au zaidi siku ile ambayo watoto watatoka kiotani kutafuta majani machanga. Dume anayengoja joto ndipo aanze kuandaa korodani zake atakuwa amekwisha kuchelewa, na jike anayedanganywa na siku chache za joto katikati ya majira ya baridi atajifungua watoto wasio na manyoya wakati theluji bado inaanguka. Joto la leo halitoi ahadi yoyote kuhusu joto la wiki 8 zijazo. Urefu wa mchana, kwa upande wake, haujapata kumhadaa mtu: tarehe ileile, mahali palepale, hurudi na saa zilezile za mwanga kila mwaka.

Mwaka 1932, John Baker na R. M. Ranson wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo nalisoma kwa heshima. Waliwafuga voli wa aina ya *Microtus agrestis* katika makundi, moja likipewa saa 15 za mwanga kwa siku na jingine saa 9. Waliopata saa 15 waliendelea kuzaliana. Kwa waliopata saa 9, uzazi ulikaribia kukoma kabisa. Saa 6 za taa ndizo zilizotenganisha kizazi na utasa wa muda. Mwaka huohuo walichapisha sehemu ya pili, iliyohusu joto na chakula, na tangu hapo swali la uzi huu limekuwa mezani: ikiwa taa pekee inatosha kufunga msimu, joto lina kazi gani?

Kabla ya kulijibu, lazima tuulize mnyama hupimaje urefu wa mchana, kwa maana jibu la haraka, kwamba anahesabu saa za mwanga, si sahihi. Jaribio lililonishawishi ni la mwaka 1972, la Elliott, Stetson na Menaker, lililofanywa kwa hamsta wa Syria, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye mkia mfupi. Mnyama huyu ana kizingiti kinachojulikana vizuri: akipata mwanga wa saa 12 na nusu au zaidi kwa siku, korodani zake hubaki kubwa, akipata pungufu ya hapo, husinyaa katika muda wa miezi miwili hadi mitatu na kubaki sehemu ndogo tu ya uzito wake wa awali. Watafiti hao waliwapa hamsta mwanga wa saa 6 tu kila mara, lakini wakabadilisha urefu wa giza lililofuata. Giza lilipokuwa la saa 18, korodani zilisinyaa, kama ilivyotarajiwa. Lilipoongezwa hadi saa 30, hazikusinyaa, ingawa sasa mwanga ulikuwa haba zaidi. Giza la saa 42, zikasinyaa tena. Giza la saa 54, zikabaki kubwa.

Tafadhali soma tena namba hizo polepole. Mnyama anayehesabu saa za mwanga asingeweza kutoa majibu ya namna hiyo, wala anayehesabu saa za giza. Maelezo pekee yanayokubaliana nayo ni kwamba mwilini mwake mna saa inayozunguka kwa takriban saa 24, na katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho mwanga ukimfikia husomeka kama mchana mrefu. Mizunguko ya saa 24 na 48 huleta mwanga katika sehemu ileile ya saa ya ndani kila mara, nje ya kipindi hicho. Mizunguko ya saa 36 na 60 huufanya mwanga uangukie ndani yake kila mara ya pili. Kwa hiyo jambo la maana si kiasi cha mwanga bali ni wakati ambao mwanga unaingia.

Njia ya taarifa hii mwilini nitaieleza kwa ufupi. Kwa mamalia, mwanga huingia kwa macho peke yake, tofauti na ndege ambao wana vipokezi vya mwanga ndani ya ubongo. Baadhi ya seli za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zenye rangi iitwayo melanopsini, hupeleka habari kwenye kituo kidogo kilicho juu ya makutano ya neva za macho, ambacho ndicho saa kuu. Kutoka hapo habari huzunguka kupitia uti wa mgongo na neva za shingo hadi tezi ya pineali, tezi ndogo ndani ya ubongo, ambayo hutoa homoni iitwayo melatonini usiku tu. Usiku ukirefuka, utoaji wa melatonini nao hurefuka. Homoni hiyo ilitambuliwa na Aaron Lerner mwaka 1958, na mwaka 1965 Hoffman na Reiter walionyesha kwamba hamsta aliyeondolewa tezi ya pineali hasinyai korodani hata akiwekwa gizani. Baadaye, mwaka 1983, Carter na Goldman walichukua hamsta wachanga wa Siberia wasio na tezi hiyo wakawatia melatonini kwa saa zilizopangwa: waliotiwa kwa saa chache kila siku walikomaa kama walio katika kiangazi, na waliotiwa kwa saa 10 walibaki bila kukomaa kama walio katika majira ya baridi. Kwa maneno mengine, ubongo husoma urefu wa usiku kwa kusoma muda wa homoni.

Hoja yangu, ambayo nawaomba muipime, ni hii: mwanga hutoa ruhusa, joto hutoza gharama. Mwanga huamua kama mlango unaweza kufunguka. Joto, likishirikiana na chakula, huamua ni nani atakayepita, lini, na akiwa na watoto wangapi.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Nina pingamizi moja. Panya wa majumbani huzaa mwaka mzima, mchana uwe mrefu au mfupi. Ikiwa kalenda unayoieleza ni ya msingi kiasi hicho, mbona mamalia mdogo anayejulikana kuliko wote haifuati?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni zito na lina haki ya kujibiwa kwa urefu.

Panya mdogo wa nyumbani, *Mus musculus*, kwa hakika hasimamishi uzazi kwa sababu ya mchana mfupi. Tena kuna jambo la kushangaza zaidi: jamii kadhaa za panya wa maabara, ikiwemo ile itumikayo sana iitwayo C57BL/6, karibu hazina melatonini kabisa, kwa sababu hatua za kuitengeneza zimeharibika katika urithi wao. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya elimu hii kujengwa juu ya hamsta na voli badala ya panya ambaye kila maabara inaye.

Lakini mtazame panya huyo dhidi ya baridi, ndipo utaona upande wa pili wa hoja. Mnamo miaka ya 1940 wachunguzi nchini Uingereza waliwakuta panya wa nyumbani wakiishi ndani ya maghala ya nyama iliyogandishwa, yenye takriban nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, gizani karibu muda wote, na walikuwa wanazaa humo. Fikiria mtoto wa panya, mwenye uzito wa gramu moja na ushee, mwekundu, asiye na unyoya hata mmoja, akiwa hai ndani ya chumba ambamo maji ni jiwe. Aliwezekana kwa sababu mbili tu: kiota kinene kilichofumwa kwa nyuzi za vifungashio, na nyama isiyokwisha kando yake. Baridi pekee haikuufunga uzazi wa mnyama huyo. Kinachoufunga ni baridi inapokutana na uhaba.

Hapo ndipo udogo wa mwili unapokuwa na maana. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kulinganisha na ujazo wake, na kwa hiyo hupoteza joto upesi. Kila nyuzi inayoshuka humlazimu mnyama ale zaidi ili abaki na joto lilelile, na chakula kilichochomwa ili kupasha mwili hakirudi tena kuwa maziwa. Kunyonyesha ndiko kunakogharimu zaidi katika maisha yote ya jike: mama panya mwenye watoto wengi hula maradufu na zaidi ya kiwango chake cha kawaida. Panya wa nyumbani, anayeishi kandokando ya akiba za watu, ameweza kuishi bila kalenda kwa sababu chakula chake hakifuati majira. Voli wa nyasi hana akiba hiyo. Kwake yeye, kuzaa mwezi usiofaa ni kupoteza watoto na pengine kupoteza uhai, naye huenda asipate mwaka mwingine wa kujaribu tena.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila mamalia mdogo ana kalenda. Nasema kwamba aliye na kalenda anayo kwa sababu gharama ya kukosea ni kubwa.

Mchangiaji wa pili

Naomba nichangie kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu. Niliwahi kuwatunza hamsta wa Siberia, *Phodopus sungorus*, katika chumba cha utafiti kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wale tuliowaweka katika mwanga wa saa 8 tuliwapima uzito kila wiki, na kila wiki nilimshika kila dume kwa kumlaza chali kiganjani na kumpapasa kwa kidole cha shahada. Mwanzoni korodani zilijaa kama punje mbili za maharagwe, huwezi kuzikosa. Baada ya wiki 6 au 7 nilikuwa natafuta kitu kama punje ya mchele, na kwa wengine sikuhisi chochote. Uzito ulishuka taratibu, ingawa chakula kilikuwa tele mbele yao, na manyoya ya mgongoni yakaanza kuwa meupe kuanzia ubavuni kwenda juu.

Siku moja nikagundua kwamba wanyama wa rafu ya chini, iliyo karibu na mlango, hawakuwa wamebadilika. Tulihangaika mno, mpaka usiku mmoja nikaingia bila kuwasha taa nikaona mstari mwembamba wa nuru ya ukumbini ukipita chini ya mlango na kuishia kwenye vizimba vile. Mfanyakazi wa usafi alikuwa akipita usiku. Nuru ile ndogo iliharibu miezi miwili ya kazi, nami niliumia moyoni kwa ajili ya wale wanyama tuliowatumia bure. Sasa nikisoma kuhusu kipindi cha saa ya ndani kinachopokea mwanga, naelewa kilichotokea.

Swali langu ni hili: msimu uliofuata kifaa cha kupasha chumba kiliharibika, chumba kikawa baridi kwa wiki kadhaa, na wanyama wakaonekana kubadilika upesi zaidi kuliko wale wa awali. Je, ilikuwa bahati tu?

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana kwa mchango huu. Mstari ule wa nuru chini ya mlango umefundisha zaidi ya aya zangu zote.

Kuhusu swali lako, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba hukukosea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 juu ya hamsta haohao wa Siberia ulionyesha kwamba baridi ya mazingira huharakisha mwitikio wa mchana mfupi. Zingatia neno "huharakisha". Hamsta aliye katika mchana mrefu hageuki kuwa wa majira ya baridi kwa sababu tu chumba kimepoa. Ila yule ambaye mwanga umekwisha kumwambia kwamba baridi inakuja, baridi yenyewe ikifika humsukuma upesi. Ruhusa na gharama hazifanyi kazi kila moja peke yake, bali gharama husomwa kupitia ruhusa.

Yanayotokea ndani ya ubongo yanasaidia kueleza jambo hili. Melatonini haizigusi korodani moja kwa moja. Hupokelewa kwenye ukingo mwembamba wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na ukingo huo, siku zinaporefuka, hutoa homoni inayorudi nyuma kuelekea haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni, na kuamsha vimeng'enya vinavyoigeuza homoni ya tezi ya thairoidi kuwa katika umbo lake lenye nguvu. Kutoka hapo huamshwa neva zinazotoa kisipeptini, kemikali ya ubongo inayoamsha uzazi, nazo ndizo huamrisha mlolongo mzima wa homoni za uzazi. Mwaka 2006 watafiti waliwatia kisipeptini hamsta wa Syria waliokuwa katika mchana mfupi, na korodani zao zikaamka bila mwanga kubadilika. Neva hizohizo za kisipeptini hupokea pia taarifa za njaa, za akiba ya mafuta na za hali ya nishati mwilini. Kalenda na pochi ya mnyama vinakutana mahali pamoja.

Niongeze jambo ambalo hamsta wako walikuwa nalo hata kabla ya kuzaliwa. Mchana wa saa 14 hutokea mara mbili kwa mwaka, mara moja siku zikirefuka na mara moja zikifupika. Mtoto anayefumbua macho katika mchana wa saa 14 atajuaje kama mbele yake kuna kiangazi au kuna theluji? Anajua kwa sababu mama amemwambia. Majaribio ya miaka ya 1980, kwa voli wa milimani wa Marekani na kwa hamsta wa Siberia, yalionyesha kwamba watoto wanaolelewa katika saa 14 zilezile hukua na kukomaa haraka ikiwa mama alibeba mimba katika mchana mfupi zaidi, na huchelewa ikiwa alibeba mimba katika saa 16. Melatonini ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia kijusi. Huyazungumzi mambo haya bila kutulia kidogo: kijusi kilicho gizani kabisa kinaambiwa na damu ya mama kama siku za nje zinarefuka au zinafupika.

Nao wanyama hawangoji machipuko yaje ndipo waamke. Hamsta wa Syria akiachwa katika mchana mfupi kwa wiki zipatazo 20 hadi 25, korodani zake hukua tena zenyewe, kana kwamba ubongo umeacha kuisikiliza melatonini. Ndivyo mnyama aliyejificha chini ya ardhi, asiyeona jua, anavyoweza kutoka shimoni akiwa tayari.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza kuhusu nchi za ikweta, ambako mchana haubadiliki. Huko wanyama wadogo wanatumia nini? Na je, joto likizidi nalo halina madhara? Mjadala wote umekuwa wa baridi.

Mwanzisha uzi

Maswali yote mawili yanastahili, na kwenye la pili nakiri kwamba uzi uliegemea upande mmoja.

Oxford, mchana hutofautiana kutoka karibu saa 8 hadi saa 16 na nusu kwa mwaka. Morogoro, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, tofauti hiyo haifiki saa moja. Ndiyo maana panya shamba, *Mastomys natalensis*, waliochunguzwa huko kwa miongo mingi, hufuata mvua: kuzaliana huanza takriban mwezi mmoja baada ya mvua kubwa, majani machanga yanapokuwa yamechipua, na mvua za vuli zikiwa nyingi uzazi hutangulia na idadi ya panya huweza kufumuka miezi iliyofuata. Hata kaskazini, majani huzungumza. Mwaka 1981 kundi la watafiti wa Marekani liliwapa voli wa milimani, katikati ya majira ya baridi, chakula kilichowekewa kemikali inayopatikana katika nyasi changa, na majike wengi wakapata mimba wakati ambapo voli hao hawazai. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba ruhusa ya mwanga inaweza kupitwa, mradi ujumbe wa chakula uwe wazi vya kutosha.

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba mabadiliko madogo ya mchana hayasomeki. Kuna wanyama wadogo wenye mfuko wa kubebea watoto nchini Australia, jamii ya *Antechinus*, ambao hupandana kwa wiki chache tu kwa mwaka, kisha madume wote hufa. Kwa mnyama wa namna hiyo hakuna nafasi ya kurekebisha kosa. Wao husoma kasi ambayo mchana unarefuka, si urefu wenyewe, na spishi tofauti huitikia kasi tofauti.

Sasa joto kali. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kikomo cha maziwa ya mama panya ni uwezo wa tumbo kupokea chakula au uwezo wa matiti. Watafiti Król na Speakman, huko Aberdeen, Scotland, waliwaweka mama wanaonyonyesha katika nyuzi 30, 21 na 8. Wale wa baridi walikula zaidi na kutoa maziwa zaidi. Wale wa nyuzi 30 walikula kidogo kuliko wote na watoto wao walikuwa wadogo zaidi. Kisha wakawanyoa mama manyoya ya mgongoni, wakawaacha katika nyuzi 21, na maziwa yakaongezeka. Mama anayenyonyesha ni kama jiko: kutengeneza maziwa huzalisha joto, na asipoweza kulitoa mwilini, hupunguza kazi. Kwa hiyo joto hutoza gharama pande zote mbili, na mwezi unaofaa kwa mamalia mdogo ni ule ambao kiota hakigandi na mama haungui.

Mchangiaji wa nne

Ikiwa mwanga ni kalenda isiyobadilika na joto la dunia linabadilika, je, wanyama hawa hawatabaki na kalenda ya zamani katika majira mapya? Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko yote yaliyosemwa.

Mwanzisha uzi

Nami linanitia wasiwasi, na sitaki kukupa faraja isiyo na msingi, wala hofu isiyo na msingi.

Upo ushahidi wa unyumbufu. Kindi wekundu wa Yukon, Kanada, walionekana kuzaa mapema zaidi kwa siku 18 katika muda wa miaka 10, wakifuata machipuko yenye joto zaidi na wingi wa mbegu za misonobari. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na kila jike kurekebisha tarehe yake, na sehemu ndogo ilitokana na urithi. Aidha, ndani ya kundi moja la panya-kulungu wa Amerika Kaskazini, jamii ya *Peromyscus*, wapo wanaofunga uzazi kabisa katika mchana mfupi na wapo wasiojali, na tofauti hiyo hurithiwa: mwaka 1986 watafiti walichagua wazazi kwa vizazi viwili tu na tayari uwiano ulikuwa umebadilika. Miongoni mwa jamaa zao wenye miguu myeupe, wale wa Connecticut huitikia mchana mfupi, ilhali wale wa Georgia, kusini, hawauitikii. Kalenda yenyewe, basi, inaweza kuchongwa upya na uteuzi asilia, na kwa wanyama wenye vizazi vya miezi michache kazi hiyo haihitaji karne.

Lakini upo pia ushahidi wa kuvunjika. Lemingi wa Norway, mnyama mdogo wa jamii ya voli, huzaa chini ya theluji, katika nafasi iliyo kati ya ardhi na theluji ambamo joto hukaa karibu na sifuri hata juu kukiwa na baridi kali. Theluji inapoyeyuka na kuganda upya katikati ya majira ya baridi, nafasi hiyo hujaa barafu na chakula hufungiwa ndani yake. Kusini mwa Norway milipuko ya lemingi iliyokuwa ikija kila baada ya miaka michache ilidhoofika tangu katikati ya miaka ya 1990, na watafiti waliihusisha na hali hiyo ya theluji. Hapo kalenda haikukosea hata siku moja. Kilichokosekana ni blanketi.

Mfano unaonikaa akilini zaidi ni wa kindi wa ardhini wa Alaska. Mnyama huyu hulala usingizi wa majira ya baridi mwili wake ukishuka hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri bila kuganda. Korodani haziwezi kukomaa katika mwili wenye baridi kiasi hicho, kwa hiyo dume hukatisha usingizi wiki kadhaa kabla ya kutoka shimoni, huupasha mwili wake humohumo gizani, na hula akiba aliyoiweka tangu vuli huku mbegu zikitengenezwa. Jike hana kazi hiyo; huamka na kutoka, na baada ya siku chache hupandwa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya miaka 25 ya kupima joto la udongo na la miili ya wanyama hao. Udongo sasa huganda kwa kuchelewa, na majike wamekuwa wakimaliza usingizi mapema kwa siku 10 hivi kuliko zamani. Madume hawajasogea. Wao bado wanaifuata saa ya ndani, nao majike wanafuata joto, na zile siku ambazo dume alikuwa akizitumia kutangulia na kujiandaa zinapungua kila mwongo unapopita.